Jinsi ya Kutembea Njia za Zamani za Magogo Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke na Kumwongoza Aliyepotea

Malindi haina reli, kwa hiyo mtembezi wa huku hana tuta la garimoshi lililoachwa la kulifuata, kama walivyo nalo watembezi wa sehemu nyingine. Tulicho nacho ni njia za magogo, yaani barabara za udongo zilizokatwa ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke ili mbambakofi na muhugu zitolewe, kisha nyingi zikaachwa. Baadhi yake bado hupitwa na magari ya walinzi wa msitu na wageni. Nyingine zimemezwa na vichaka hata umebaki uwazi mwembamba tu kati ya miti. Tuta la reli huanzia stesheni na kuishia stesheni, halipandi ghafla wala halikati kona kali, na anayelifuata bila kuliacha hatimaye hufika kwa watu. Njia ya magogo haikukusudiwa kumfikisha mtu popote: iliufuata mti, na palipokatwa mti wa mwisho ndipo ilipokoma. Mtu aliyekulia kijijini, ambako kila njia huishia kwenye ua wa mtu au kisimani, hupotea humu kwa kuiamini njia.

Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ni hifadhi. Hauingiwi popote mtu apendapo. Lango linalofaa kwa anayetoka Malindi ni lile la kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara ya Mombasa, kusini kidogo ya njiapanda ya Gede. Lipa kiingilio, jiandikishe, na umchukue mwongozaji wa hapo, hata kama unajiona mwenyeji. Waachie watu wa kituo jina la njia utakayoifuata na saa utakayorudi. Mtu asiyejulikana kuwa yumo ndani hatafutwa na yeyote.

Ndani hakuna kilima cha kukuonyesha ulipo, maana ardhi ya sehemu kubwa ni tambarare na miti huziba upeo wa macho. Kinachosaidia zaidi ni udongo. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu na hori ya Mida, kuna msitu wa miti mchanganyiko, mbambakofi ikiwemo, juu ya udongo wa kijivu. Katikati umepita ukanda wa mchanga mweupe, na hapo ndipo mrihi ulipotawala: miti imeachana, mwanga unafika chini, na mtu huona mbali kidogo. Ukizidi kwenda magharibi, mchanga mweupe unakwisha, udongo unakuwa mwekundu, na unaingia katika vichaka vizito vya mti ambao wataalamu huuita Cynometra, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupita nje ya njia bila kuchanika. Kwa hiyo aliyeingilia Gede, kisha akaona viatu vyake vimekuwa vyekundu, ajue kwamba ameuvuka msitu kuelekea bara na kwamba barabara ya lami iko nyuma yake, upande wa bahari. Mipaka ya udongo haikuchorwa kwa rula, lakini mpangilio huu ni wa kutegemewa kuliko kumbukumbu ya mtu mwenye kiu.

Jua nalo lina masharti yake huku kwetu karibu na ikweta. Asubuhi na jioni halina utata. Adhuhuri ndipo linapodanganya, kwa sababu kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana huegemea kaskazini, kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari huegemea kusini, na mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hukaa utosini hata kivuli hakisemi lolote. Anayetaka kukata shauri la mwelekeo saa sita mchana heri akae chini hadi saa nane, kivuli kirefuke. Usiku nao huingia kwa haraka; mwaka mzima jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, na chini ya miti giza hutangulia. Mimi huhesabu kwamba saa kumi na moja mtu awe ameshaona lango.

Mahali pa kupotelea hasa ni njiapanda. Wakati wa kwenda, baadhi ya njia ndogo zinazojiunga na yako huziona kwa shida, kwa kuwa zinatokea nyuma ya bega. Wakati wa kurudi, zinakuwa mbele yako na kila moja inaonekana kuwa ndiyo. Kwa hiyo katika kila njiapanda simama, geuka, na utazame sura ya njia kama utakavyoiona ukirudi, kisha upige picha ukiwa umeelekea nyuma. Mara nyingi vijia vya kuvutia magogo hujiunga na njia kubwa kwa mshazari unaoelekea upande wa kutokea, ili mzigo usipate kona ya kuvunja mgongo. Ni dalili nzuri, ila usiifanye sheria. Usikate majani wala kuchanja magome ili kuweka alama.

Simu ni msaada mkubwa ikiwa imeandaliwa. Pakua ramani kabla ya kuondoka, kwa sababu simu huweza kujua mahali ilipo kwa setilaiti hata pasipo na mtandao, na ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingine hupenya pale ambapo maongezi hukatika.

Kuhusu ndovu, ambao wamo, neno ni moja: ukiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa yakiwa bado na utomvu, rudi ulikotoka kimya kimya. Usipige kelele ili uwafukuze, wala usijaribu kuwazunguka.

Sasa tuje kwa aliyepotea. Ukikutana na mtu ambaye macho yanahangaika na hatua ni za haraka kuliko njia inavyoruhusu, usianze kwa maswali. Msalimu kwa heshima ya umri wake, shikamoo kwa mzee, hujambo kwa kijana, mpe pole, mkaribishe kivulini, mpe maji anywe kidogo kidogo. Hofu ndiyo inayompoteza mtu mara ya pili. Akiwa anaweweseka au maneno yake hayafuatani, huyo ameshapatwa na joto: mlaze kivulini, mloweshe maji kichwani, shingoni na makwapani, umpepee, na uombe msaada kwa namba 999 au 112 kabla ya kufikiria njia.

Akitulia, muulize kwanza alikuwa na nani. Watu husahau kuuliza hili, wakamtoa mmoja na kumwacha mwenziwe ndani. Kisha umuulize aliingilia wapi, amepita udongo wa rangi gani, na jua lilikuwa likimpiga upande gani wa uso. Majibu hayo matatu yatakueleza mengi kuliko jina la njia, ambalo huenda hakulisikia vizuri. Ikiwa ni mwanakijiji aliyeingia kutafuta kuni au asali bila kibali, usimhoji alichokuwa akifanya. Akikuogopa atakudanganya alikotokea, na wote wawili mtahangaika.

Usimwelekeze kwa kidole. “Fuata hii, ukifika mbele pinda kushoto” ni maneno ya mtu anayeijua njia kwa anayeijua njia, na humo ndani kuna mbele nyingi na kushoto nyingi. Nenda naye kwa miguu mpaka mahali yeye mwenyewe anapopatambua, au mpaka langoni. Mkikutana na uzio wa umeme wa mpakani, mwaweza kuufuata bila kuugusa. Ikiwa na wewe huna hakika ulipo, usimwongoze hata hatua moja: kaeni penye uwazi, pigeni firimbi mara tatu, mtulie, mrudie, maana wanaotafutwa wakiwa wametulia mahali pamoja huonekana mapema. Giza likiwakuta, lalani hapo hapo.

Mkishatoka, mpeleke kituoni hata kama anasema hana haja na anaona aibu. Jina lake lisomwe kwenye daftari la walioingia, waliokwisha kutumwa kumtafuta waitwe warudi, na walinzi waambiwe ni njiapanda ipi iliyompoteza, ili waamue kama panahitaji kibao.