Fremu za urembo ukutani: vipimo, ukataji na makosa yanayoziharibu

Katika chumba cha mtindo wa kale, ukuta ndio unaotangulia. Kochi la miguu ya kuchonga na taa ya vioo hufuata. Tazama picha za vyumba vya Petit Trianon kule Versailles, jumba lililochorwa na Ange-Jacques Gabriel na kukamilika mwaka 1768. Ondoa fanicha zote kwa mawazo, na bado vyumba vile vinapendeza, kwa sababu kuta zimegawanywa kwa vipimo vinavyoheshimiana. Mgawanyo huo unawezekana hata kwenye ukuta wa kawaida wa plasta, kwa fito nyembamba za mbao zilizounganishwa kuwa fremu. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachowashinda wengi ni hesabu, kwa hiyo tuanze nayo.

Ukuta wa namna hii huiga nguzo. Vignola, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16, aliigawa nguzo kamili katika sehemu 19: 4 za kitako, 12 za nguzo yenyewe na 3 za taji la juu. Ukutani, skatingi (ubao unaopita chini ya ukuta, usawa wa sakafu) na eneo lililo juu yake ni kitako, mkanda unaopita usawa wa migongo ya viti ndio ukomo wa kitako hicho, eneo kubwa la juu ni nguzo, na konisi, yaani urembo unaopita chini ya dari, ni taji. Kwa ukuta wenye kimo cha sentimita 270, sehemu 4 kati ya 19 ni kama sentimita 57. Kwa kuwa mkanda huo pia una kazi ya kukinga plasta isichubuliwe na viti, hupandishwa hadi sentimita 75 au 80. Usiuvushe hapo. Mkanda wa sentimita 100 au zaidi, ambao siku hizi unaonekana kila mahali, hukifanya chumba kionekane kifupi: kitako kimekuwa kirefu, nguzo imefupishwa, na jicho halijui pa kutulia.

Chukua mfano wa ukuta wenye urefu wa sentimita 420 na kimo cha 270. Skatingi ina sentimita 15, konisi 10, na mkanda wenye upana wa sentimita 6 umewekwa ukingo wake wa juu ukiwa kwenye 80. Nafasi kati ya fremu na kila kitu kinachoizunguka iwe moja tu, sentimita 8. Kati ya 7 na 10 hakuna ubaya, ila usichanganye. Fremu za juu zitaanza kwenye 88 na kuishia 252, yaani kimo cha 164. Za chini zitaanza 23 na kuishia 66, kimo cha 43. Kwa upana, fremu tano zina nafasi sita: 420 toa 48, unabaki na 372, gawa kwa tano, unapata sentimita 74.4. Fremu za chini zipange wima moja na za juu. Zikipishana hata kwa sentimita mbili, ukuta mzima utaonekana kama umekosewa.

Idadi iwe witiri, tatu au tano, ili katikati ya ukuta pawe na fremu ya kubeba picha au kioo. Ukipenda tatu, ya kati iwe pana waziwazi: sentimita 60 kila upande na 268 katikati, nafasi nne za 8 zikikamilisha 420. Fremu tatu zilizo sawa kwenye ukuta huu zingetoka na upana wa 129 kwa kimo cha 164, umbo lililo karibu na mraba bila kuwa mraba, na hilo ndilo umbo baya kuliko yote. Fremu iwe ndefu, au iwe pana, au iwe mraba kamili.

Kabla ya kununua chochote, chora fremu zote ukutani kwa tepu ya karatasi na uziache siku mbili tatu. Hapo ndipo utakapogundua swichi iliyokatwa na mstari wa fremu. Soketi inaweza kukaa ndani ya fremu au ndani ya nafasi, lakini isikae juu ya ufito. Ikigoma, badilisha nafasi kutoka 8 hadi 9 au 7 kwa ukuta wote, au mwite fundi umeme aihamishe.

Vifaa: kwa fremu tano za juu na tano za chini katika mfano wetu unahitaji mita 35.6 za fito; nunua 40, kwa sababu kila kona inakula kipande. Upana wa sentimita 3 na unene wa sentimita 1 hadi 1.5 unatosha. Ufito bapa sana hautoi kivuli, na kivuli ndicho kinachofanya urembo uonekane. Mbao laini iliyonyooka ni nzuri. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) nayo ni sawa mahali pakavu, ila ikinywa maji huvimba na hairudi. Zilaze fito ndani ya chumba hichohicho kwa siku mbili au zaidi kabla ya kukata, la sivyo zitanywea zikiwa tayari ukutani na kona zitafunguka.

Kata kila ncha kwa nyuzi 45, ukipima kutoka ncha ndefu hadi ncha ndefu. Usipime kila kipande upya. Funga kibao cha kuzuilia kwenye benchi ya msumeno, kisha kata vipande vyote vya sentimita 164 mfululizo, halafu vya 74.4, halafu vya 43. Tofauti ya milimita moja kati ya vipande viwili vinavyotazamana inatosha kuifungua kona.

Unganisha fremu mezani kabla ya kuipeleka ukutani. Paka gundi ya mbao kwenye pembe, zibane kwa tepu, kisha pima mishazari miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kwa fremu ya 74.4 kwa 164, kila mshazari uwe sentimita 180.1, ukitofautiana na mwenzake, sukuma kona za mshazari mrefu taratibu hadi yote miwili ilingane. Acha ikauke usiku kucha. Wanaopachika ufito mmoja mmoja ukutani hupata kona zinazopishana, kwa sababu hakuna plasta iliyonyooka kabisa.

Ukutani, piga mstari mmoja wa usawa kwa pimamaji na upimie kila kitu kutoka hapo. Usipimie kutoka darini, maana dari nyingi zimelala upande. Tia gundi ya ujenzi kwa mstari mwembamba katikati ya mgongo wa ufito ili isitoke pembeni. Kwenye ukuta wa mbao au jipsamu, shikilia kwa misumari myembamba ya sentimita 3 au 4. Ukuta wa tofali au zege hukunja misumari hiyo. Hapo tegemea gundi na ushikilie fremu kwa tepu kwa saa 24.

Matundu ya misumari na kona zijazwe puti ya mbao na kupigwa msasa namba 180, kisha 240. Ufa kati ya ufito na ukuta jaza akriliki inayokubali rangi. Silikoni ya bafuni haifai, rangi haiishiki na itabanduka. Anza na praima (rangi ya msingi), kisha mikono miwili ya rangi nyepesi, ukipitisha brashi kwenye fito kwanza na rola baadaye. Rangi nzito hujaza mikunjo ya ufito, na urembo wote ulioulipia unapotea.

Kwa chumba kidogo, tunapendekeza rangi moja kwa ukuta, fito na skatingi. Kupaka fito nyeupe juu ya ukuta wa rangi iliyokolea kunahitaji kona safi kuliko za mafundi wengi. Picha itakayotundikwa ndani ya fremu iache walau sentimita 12 kila upande, na taa ya ukutani itoe mwanga kutoka pembeni, kwani mwanga unaopiga ukuta uso kwa uso hufuta vivuli vyote.