Macho na afya kwa leseni ya udereva Uingereza: jinsi ya kujiandaa na kuomba

Leseni ya Tanzania au Kenya inakuruhusu kuendesha gari dogo Uingereza kwa miezi 12 tangu uhamie. Baada ya hapo unaanza upya na leseni ya lena (provisional), na ombi linakwenda DVLA, idara inayotoa leseni kwa England, Scotland na Wales. Kwa gari dogo hutakiwi cheti cha daktari. Unaulizwa maswali, unajibu, na jibu lako ndilo linaloweza kukubana baadaye.

Kabla ya kugusa fomu, jipime. Mchana, tafuta gari lililoegeshwa, vuta utepe wa kupimia mita 20 kutoka kwenye kibao chake cha namba, kisha usome. Usikadirie kwa hatua. Kama una miwani ya kuonea mbali, ivae, inaruhusiwa.

Kusoma kibao peke yake hakutoshi. Unatakiwa pia ufikie 6/12 kwenye chati ya herufi (yaani ukiwa mita 6 usome kile ambacho mwenye macho mazima hukisoma akiwa mita 12), macho yote mawili yakiwa wazi, na uone upana wa nyuzi 120, angalau 50 kila upande. Hayo nenda kwa mpimaji macho. Utaegemeza kidevu kwenye mashine, utatazama nukta ya katikati bila kuhamisha macho, na kubonyeza kitufe kila kijitaa kinapomulika. Hapo ndipo wenye presha ya macho hukwama: kibao wanasoma vizuri, ila vijitaa vya pembeni hawavioni, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi huanza kula pembeni na mwenyewe hahisi.

Sasa fomu. Kutoona mbali, kutoona karibu au kuchanganya rangi havitajwi, mradi unafikia viwango. Tatizo la macho yote mawili, au kuona vitu viwili viwili, taja. Fomu yake ni V1. Kifafa ni FEP1, na kwa kawaida unatakiwa uwe umekaa miezi 12 bila kuanguka. Anayechoma insulini kwa zaidi ya miezi 3 anajaza DIAB1. Huyu pia apime sukari ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka, na kila saa 2 akiwa njiani: ikiwa 5 mmol/L au chini ale kwanza; chini ya 4 asiendeshe, na ikisharudi sawa angoje dakika 45. Kuficha ugonjwa unaotakiwa kutajwa kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000.

Siku ya mtihani, kabla hujaingia garini, mtahini atakuonyesha kibao. Ukikosa, atakupa cha pili. Ukikosa tena, cha tatu kitapimwa umbali kamili. Ukishindwa hapo, mtihani umeisha na DVLA wanaarifiwa. Wasemaji wa Kiswahili wana mtego wa ziada: I yetu kwa sikio la Mwingereza ni E, na E yetu anaweza kuisikia kama A. Ukiona ulimi unakusaliti, omba kuandika unachokiona. Na ukisoma kwa miwani, usiivue hadi mtihani uishe.

Lori na basi ni habari nyingine. Huko daktari anajaza D4, fomu ya uchunguzi wa afya, na gharama ni yako. Jicho zuri lifikie 6/7.5, la pili 6/60, na lenzi za miwani zisizidi nguvu ya +8. Upana unaotakiwa ni nyuzi 160. Sahihi ya daktari isizidi miezi 4 siku ombi linapopokelewa, kwa hiyo usiwahi kupimwa kabla nyaraka nyingine hazijakamilika. Si kila daktari anajaza sehemu ya macho. Mwulize wakati wa kuweka miadi, kwani asipoijaza utalazimika kumlipa na mpimaji macho.