Kabla Hujabeba Printa: Mambo ya Kuuliza Dukani Ukiwa Ughaibuni

Mwaka wa kwanza ugenini mtu huapa kwamba printa ni ya ofisini, kila kitu si kiko kwenye simu? Kisha inakuja fomu ya ubalozi inayotaka sahihi ya kalamu. Inafuata barua ya mwaliko kwa mzazi anayeomba viza, halafu kazi za shule za watoto. Jumamosi jioni unaingia dukani mbiombio na kutoka na printa ya bei ya chini kuliko zote. Mimi nilifanya hivyohivyo. Wino ulipokwisha nilirudi pale, nikakuta seti ya katriji, vile vikasha vya wino, inakaribia bei ya mashine yenyewe. Muuzaji hakuwa amenidanganya. Hakusema, nami sikuuliza.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lihusu wino. Kampuni nyingi huuza printa ndogo kwa faida kiduchu, au bila faida kabisa, kisha pesa yao huirudisha kwenye katriji. Zile zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi hazijajazwa kamili, kwa hiyo zisikupe matumaini. Muulize muuzaji katriji ya mashine hii inauzwaje na inatoa kurasa ngapi, toa simu, gawanya pale pale. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa viwango vya kimataifa (ISO/IEC 24711 kwa wino, 19752 kwa toneri nyeusi, yaani unga wa printa za leza), ndiyo maana unaweza kulinganisha kampuni moja na nyingine bila kuonea. Katriji ndogo za kawaida hutoa kurasa 100 hadi 200 hivi. Toneri ya leza mara nyingi huvuka 1,000. Chupa moja ya wino mweusi ya printa ya tangi, ile unayoimiminia wino badala ya kubadilisha katriji, hufika maelfu kadhaa. Ukishapiga hesabu hiyo, ile mashine ya bei ya kutupa inaanza kukutazama kwa aibu.

Lakini usikimbilie tangi kwa sababu ya hesabu peke yake. Wino wa majimaji hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia ukikaa muda mrefu bila kutumika, na kuyasafisha kunakula wino uleule. Anayechapa fomu tatu kwa mwezi na kusafiri miezi miwili achukue leza nyeusi. Toneri ni unga, haikauki. Nyumba yenye wanafunzi wanaotaka rangi kila wiki, tangi linalipa. Picha za familia za kutundika ukutani zipeleke studio.

Sasa muuzaji. Wengi wetu hukosea hapa, na si kwa kukosa lugha. Tumelelewa kumheshimu aliye nyuma ya kaunta, basi akieleza haraka tunaitikia kwa kichwa na kulipa. Kuuliza si ujinga. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, wakati hakuna foleni nyuma yako. Usiseme “nataka printa nzuri”, maana kwake nzuri ni ile waliyoambiwa waiuze wiki hii. Mwambie kazi yako: nachapa kurasa kama 20 kwa mwezi, nyingi ni fomu, natuma kutoka kwenye simu, nataka kuskani karatasi nyingi kwa mkupuo. Ukiogopa lafudhi, andika maswali kwenye simu umwonyeshe. Anayejua kazi atakushukuru, kwa sababu umempunguzia kubahatisha.

Kuna swali moja ninalolipenda kwa sababu hupima printa na muuzaji kwa pamoja: wino ukiisha, itaendelea kuskani? Zipo mashine zinazogoma kuskani eti rangi ya njano imekwisha. Muuzaji mzuri atasema “ngoja nihakikishe” na kufungua kitabu cha maelezo. Anayejibu “ndiyo ndiyo” huku akitazama mteja mwingine, mwache, tafuta mwenzake. Uliza pia kama inakubali katriji za kampuni nyingine, na kama inadai intaneti na akaunti muda wote. Akikutajia mpango wa kulipia wino kila mwezi, sikiliza kwa makini: katika HP Instant Ink, kwa mfano, ukijitoa kwenye mpango, katriji walizokutumia huacha kufanya kazi hata kama zina wino.

Waya wa USB mara nyingi haumo kwenye boksi, nao ukinunuliwa kaunta huwa ghali. Wifi nayo: printa nyingi za bei ya chini hushika mawimbi ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo kama ruta yako imewekwa 5 GHz peke yake utasumbuka usiku kucha.

Risiti itunze, na kabla ya kulipa uliza masharti ya kurudisha boksi lililofunguliwa. Haki zako zinategemea ulipo. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili nia, na ndani ya Umoja wa Ulaya dhamana ya kisheria kwa bidhaa mpya ni angalau miaka miwili. Fikiria hilo kabla ya kulipia dhamana ya nyongeza. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha duka kurudisha pesa kwa kitu kisicho na kasoro, ni sera ya duka lenyewe.

Ukiwa Marekani au Kanada utakutana na karatasi ya Letter, 216 kwa 279 mm. Fomu za nyumbani ni A4, 210 kwa 297. Ukichapa bila kuchagua ukubwa, mstari wa chini, ambao mara nyingi ndio wa sahihi, unaweza kukatwa. Hakikisha trei inapokea A4, kisha nunua rimu moja uiweke.

Na kama unapanga kuituma nyumbani siku moja, geuza printa usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, hewala, itakubali umeme wa nyumbani pia. Leza nyingi za Marekani ni za 120V tu, na zinapopasha joto hula umeme mwingi, hivyo transfoma yake si ile ya kuchajia simu. Baadhi ya printa pia zimefungiwa katriji za eneo zilikouzwa. Hilo nalo liulize dukani. Ile ya tangi isafirishe imesimama wima, vifuniko vimekazwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiilaza katikati ya nguo, kitakachochapwa njiani ni mashati.