Kufunga spoti kwa swichi ya kampuni bila kutoboa dashibodi

Kwa wanaokata njia usiku, iwe ni kupanda Garsen ama kuingia Langobaya kuelekea Sala Gate, sina haja ya kuwaeleza kwa nini mtu anataka spoti, yaani taa za ziada za mbele zinazomulika mbali. Hedilaiti za kawaida zinakwisha hapo karibu tu na mbuzi havai rifleketa.

Shida yangu mimi ni swichi. Gari nyingi hapa Malindi ukifungua mlango unakuta dashibodi imetobolewa, kiswichi cha kufyatua kimening'inia chini ya usukani, na waya wa taa wenyewe umepitishwa humo humo mpaka ukiwasha kwa muda unasikia harufu ya plastiki. Na hapo hapo pembeni ya usukani kuna vile vifuniko vya plastiki visivyo na kazi, Toyota nyingi wanaviacha, pale ndipo swichi ya fogi (taa za ukungu) ya kampuni, yaani ile iliyotengenezewa gari hilo, inapokaa. Nenda kwa wauza spea za mitumba, uliza swichi ya fogi ya gari kama yako, chomoa kifuniko uende nacho mkononi ulinganishe ukubwa. Chukua ile ambayo ukiibonyeza inabaki chini. Zile za gari mpya mpya ambazo zinarudi juu zinaongea na kompyuta ya gari, achana nazo.

Sasa hii ushike vizuri: swichi haibebi umeme wa taa, kazi yake ni kuamrisha rilei basi, yaani swichi ndogo inayofungwa na sumaku ya koili iliyo ndani yake. Spoti mbili za halojeni za wati 55 ni wati 110, gawa kwa volti 12 unapata ampia 9 na kitu. Koili ya rilei haili hata robo ya ampia. Kwa hivo kwenye swichi unapitisha waya mwembamba, ule mnene unabaki huko kwa injini na hauingii ndani ya gari kabisa.

Rilei ya miguu minne ina namba zimeandikwa chini yake. 30 inatoka betri, 87 inaenda kwa taa, 86 na 85 ni za koili. Ukiuziwa ya miguu mitano ile ya katikati 87a iache tupu, ukiunga taa hapo zitawaka pale swichi ikiwa imezimwa. Na kama juu yake kuna alama ya dayodi, kimshale chenye kistari, basi 86 lazima iwe pozitivu na 85 negativu, ukigeuza unapiga shoti.

Toa kwanza terminali ya negativu ya betri ndio uanze. Pozitivu ya betri iende kwa fyuzi ya ampia 15, fyuzi ikae karibu na betri kabisa, shubiri moja inatosha, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kutoka fyuzi mpaka 30, na kutoka 87 mpaka taa, tumia waya wa gari wa milimita mraba 2.5 wenye nyuzi nyingi ndogo. Ule wa nyumba wa uzi mmoja mgumu usikubali hata fundi akikwambia ni sawa, barabara zetu zinautikisa mpaka unakatikia ndani na kwa nje huoni kitu.

Halafu sasa unataka spoti ziwake ukiwa kwenye fuli (taa za juu) tu, ukidimu (ukishusha taa) zizime zenyewe, la sivyo utawapofusha wenzio kutoka hapa mpaka Gongoni. Kwa hivo amri ya rilei inatolewa kwa waya wa fuli, na hapa ndipo mafundi wengi wanapotoka jasho kwa sababu Toyota nyingi za zamani, Land Cruiser na Hilux hasa, fuli yao inawashwa upande wa negativu. Mtu anaunga vile alivyozoea, spoti zinagoma, ama zinawaka kwa dimu, anasema rilei mbovu ananunua ingine.

Pima hivi. Chomoa soketi za hedilaiti zote mbili nyuma ya balbu, rudisha betri, washa taa. Bana klipu ya testa ya balbu kwa chuma cha bodi, gusa matundu matatu ya soketi mojawapo, tundu moja moja, kwanza kwa dimu halafu kwa fuli. Kama tundu linalowasha testa linabadilika ukihama, gari lako linawasha kwa pozitivu, la kawaida. Kama tundu ni moja lile lile kwa dimu na kwa fuli, hilo ndilo pozitivu ya wote na kinachobadilika ni negativu.

La kawaida ni rahisi: waya wa fuli uingie kwa swichi, utoke swichi uende 86, na 85 uifunge kwa bodi. La negativu: lile tundu la kudumu ndilo linaloingia swichi halafu 86, na 85 unaiunga kwa waya wa fuli badala ya bodi. Ukiwa kwa dimu koili inapata pozitivu pande zote mbili kwa hivo inatulia tu, ukipiga fuli upande mmoja unashuka negativu na rilei inalia tik. Usichukue pozitivu ya ignisheni hapa kwa uvivu, umeme utarudi kinyume kupitia balbu na taa zingine zitaanza vituko.

Swichi yenyewe nyuma ina miguu minne mitano. Chukua mita, weka kwa mlio, tafuta miwili inayolia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia, hiyo ndiyo yako. Mingine ni ya kale ka taa kadogo ka usiku, waya zake uzifuate kwa swichi ya jirani. Ukifungua plastiki za chini ya usukani ukiona soketi za rangi ya manjano usiziguse, hizo ni za eabegi. Nyaya mbili nyembamba zipitishe kwa mpira ulioko tayari kwenye ukuta wa injini, tundu jipya la chuma bila mpira litakata waya siku moja.

Erthi, yaani pale waya wa negativu unapofungwa kwa bodi. Hapa pwani erthi ndiyo inayoua spoti kuliko balbu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi juu, grisi inakuja mwisho. Waya wa zamani ukiumenya ukakuta shaba imekuwa nyeusi ama kijani, kata urudi nyuma mpaka upate nyekundu, risasi ya kuchomelea waya haishiki kwenye uozo huo. Rilei ifunge miguu ikitazama chini maji yasilale ndani. Maungio ya tepu tupu kwa hewa hii ya chumvi hayamalizi mvua za masika, weka mpira wa kubana kwa moto.

Ukimaliza washa injini, piga fuli, washa spoti, pima volti kwa betri halafu pima kwenye taa yenyewe, waya wa pozitivu na wake wa negativu. Betri inasoma kama 14 hivi. Taa ikiwa chini kwa zaidi ya nusu volti kuna mahali panakula umeme, na mara nyingi ni hiyo hiyo erthi. Kama spoti zako ni za LED na haziwaki kabisa geuza nyaya zake, halojeni haijali pozitivu iko wapi lakini LED inajali.

Kuelekeza taa subiri usiku, vuka daraja la Sabaki utafute kipande kilichonyooka, zishushe mpaka mwanga ulale barabarani, ukiona unamulika vichwa vya minazi bado ziko juu.