Kuchonga modeli ya mbao ya Savoia-Marchetti SM.93 kwa kipimo cha 1:48

SM.93 iliundwa moja tu. Ilikuwa ndege ya Kiitalia ya kushambulia kwa kujitupa kutoka juu, ya mbao, yenye injini ya Kijerumani ya Daimler-Benz DB 605, na rubani wake alilala kifudifudi. Sababu ya kumlaza ni kwamba ndege inapoinuliwa baada ya kujitupa, damu ya rubani aliyekaa hushuka miguuni na macho huingia giza. Aliyelala hustahimili zaidi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 31 Januari 1944 mikononi mwa Elio Scandone, Italia ya kaskazini ikiwa imeshikwa na Wajerumani.

Mambo hayo mawili, mbao na rubani aliyelala, ndiyo yanayotawala kazi yote ya kuichonga. Ukiyakosa, utapata ndege nzuri ambayo si SM.93.

Anza na mchoro

Urefu wa mbawa, ncha hadi ncha, ulikuwa karibu mita 13.9, na mwili karibu mita 10.9. Kwa 1:48 hiyo ni milimita 290 kwa 227. Chapisha mchoro, kisha upime kwa rula ya chuma kabla ya kukata chochote. Ukikuta mbawa zina milimita 281, gawanya 290 kwa 281: unapata 1.032, basi chapisha tena kwa asilimia 103.2. Pima pia urefu wa mwili, maana mashine nyingi za kunakili huvuta karatasi upande mmoja kuliko mwingine. Kosa la milimita 3 hapa litakufuata hadi siku ya rangi.

Mbao

Tafuta mbao laini yenye nyuzi zilizobana, isiyo na fundo: linden inafaa sana, balsa ngumu inafaa pia. Balsa laini achana nayo, kwa sababu kingo zake hubonyea kwa ukucha tu. Kwa mwili unahitaji vipande viwili vya milimita 240 × 45 × 16, vyote kutoka ubao mmoja, nyuzi zikienda kutoka puani hadi mkiani. Vigeuze vitazamane kama kurasa za kitabu. Mbao ikija kupinda, kila upande utavuta kinyume cha mwenzake na mwili utabaki umenyooka.

Viunganishe kwa gundi nyeupe ya mbao huku umeweka karatasi ya gazeti katikati. Karatasi hiyo inakupa mstari wa kati usiofutika, na baadaye unaweza kupasua mwili kwa kisu chembamba ili uchimbe nafasi ya rubani. Acha jiriwani usiku kucha.

Kuchonga mwili

Kata kwanza umbo la ubavuni kwa msumeno mwembamba, ukiacha milimita 1 nje ya mstari. Vipande ulivyotoa virudishe mahali pake kwa utepe, ili block ikae sawa mezani, kisha kata umbo la kutoka juu. Usianze kuviringisha pembe kabla ya maumbo hayo mawili kukamilika.

Sehemu ya kukalia bawa nayo ikatwe sasa hivi, mwili ukiwa bado wa mraba. Ukingoja hadi uwe mviringo hutapata tena pa kuegemeza rula, na bawa litakaa limeinama bila wewe kujua.

Tengeneza violezo vya kadi ngumu kwa sehemu sita za mwili. Chonga kwa kisu na randa ndogo, maliza kwa msasa namba 120, ukijaribu kiolezo kila mara. Penseli laini ikipakwa ukingoni mwa kiolezo itaacha alama pale panapogusa. Punguza hapo tu.

Puani kuwa mwangalifu. DB 605 ni injini ya silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V iliyogeuzwa juu chini. Kwa hiyo ekzosti, sita kila upande, hukaa chini ubavuni, na mhimili wa propela uko juu kuliko wanavyodhani waliozoea kuchonga Spitfire, ndege ya Kiingereza ambayo V ya injini yake haijageuzwa. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye modeli za ndege zenye injini hii. Propela huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukitazama kutoka kwa rubani. Hakikisha msokoto wa mapanga yake unakubaliana na hilo.

Mbawa

Ubao wa milimita 8 unatosha. Chora mstari wa unene kwenye ukingo wote: mnene shinani, mwembamba nchani. Punguza unene kwanza bawa likiwa bapa, ndipo utie mkunjo wa juu. Ukingo wa nyuma ufikie nusu milimita, na hapo hasa ndipo mbao humeguka. Ukikaribia milimita 1, lowesha ukingo kwa supa gluu nyepesi, iache ikauke, halafu endelea na msasa. Mbao iliyokunywa gundi husagika kama plastiki.

Unganisha mabawa na mwili kwa pini za mianzi za milimita 2 na epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 haikupi muda wa kupanga mwinuko wa ncha zote mbili.

Kitanda cha rubani na kioo

Mtu wa mita 1.75 anakuwa milimita 36 kwa kipimo hiki. Rubani wa plastiki wa modeli nyingine hatakufaa, kwa kuwa ameumbwa akiwa amekaa. Pasua mwili, chimba nafasi ya urefu wa milimita 40 hivi, weka ubao mwembamba wa kitanda, kisha mto mdogo wa kuegemeza kidevu. Nyuma yake kuna mpiga bunduki anayetazama mkiani.

Kioo hutengenezwa juu ya kalibu ya mbao ngumu, ndogo kuliko kipimo halisi kwa nusu milimita kila upande ili kufidia unene wa plastiki. Kalibu ilainishwe hadi namba 600 na ipakwe vanishi, kwani kila mstari wa nyuzi utajichora kwenye kioo. Ivike kipande cha chupa ya maji iliyo wazi, kisha pitisha hewa moto polepole: plastiki itajikunja na kuikumbatia kalibu. Ikigeuka nyeupe, umezidisha joto. Tupa uanze upya. Kata kioo kikiwa bado juu ya kalibu, ukipitisha wembe mara nyingi kwa uzito mdogo.

Ngozi

Ndege ya mabati huonyesha mistari ya viungo na vichwa vya ribiti. Mwili wa mbao hauna hivyo. Plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi na kusawazishwa huwa laini moja kwa moja. Chora mistari kwenye vifuniko vya injini tu, ambavyo ni vya chuma.

Ili ufikie ulaini huo, changanya vanishi na poda ya talki hadi iwe kama uji mwepesi. Paka mikono minne, ukisugua kwa namba 320 kila baada ya miwili, mwisho 600 na maji kidogo. Inamisha modeli kwenye mwanga wa ubavuni. Nyuzi zikionekana, ongeza mkono mmoja. Rangi haifichi nyuzi, huzikuza.

Paka vanishi pia ndani ya shimo la rubani na kila tundu. Mbao iliyozibwa nje tu hunywa unyevu kwa ndani, ikavimba, na ufa ukafunguka kwenye mstari wa gundi. Hata SM.85, ndege ya mbao ya kampuni hiyohiyo iliyopelekwa kisiwa cha Pantelleria mwaka 1940, ilipindika kwa jua na joto.

Magurudumu hukunjwa, hivyo ukitaka ndege iliyo angani funga milango yake na uchore mistari. Ukitaka isimame chini, tumia waya wa chuma wa milimita 1.2 uliozamishwa milimita 8 ndani ya bawa. Alama zibandikwe mwisho, juu ya vanishi inayong'aa, baada ya kuzilinganisha na picha za ndege yenyewe.