Jinsi ya kupima kama lawama dhidi ya Israeli imegeuka chuki dhidi ya Wayahudi

Anza kwa kuuliza maneno yanamlenga nani. Israeli ina waziri mkuu, bunge na jeshi, na vyote hivyo vinaweza kulaumiwa vikali kama vya nchi nyingine yoyote. Mwaka 2023 Waisraeli wenyewe walifurika mitaa ya Tel Aviv kupinga mpango wa kupunguza nguvu za mahakama. Ukali wa maneno peke yake, basi, si kipimo.

Chukua sentensi hii: "Serikali ya Israeli inazuia chakula kuingia Gaza." Hilo ni dai lenye mtendaji na mahali, nalo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Sasa ondoa "Serikali ya Israeli" uweke "Wayahudi". Papo hapo mshtakiwa anakuwa kila aliyezaliwa Myahudi, hata daktari wa meno wa Buenos Aires ambaye hajawahi kupiga kura Israeli, na hapo mpaka umeshavukwa.

Kisha tazama kama lawama imeazima uzushi wa kale. Baada ya mvulana mmoja kuuawa Norwich, Uingereza, mwaka 1144, Wayahudi walisingiziwa kwamba huua watoto wa Kikristo kwa ajili ya ibada, na uzushi huo ukasambaa Ulaya kwa karne nyingi. Kusema kwamba mabomu yameua watoto ni kutoa habari, na anayeitaja hatendi kosa lolote; kusema kwamba wameuawa kwa kuwa Wayahudi kwa asili yao wana kiu ya damu ya watoto ni kuufufua uzushi ule ule. Ndivyo ilivyo pia kwa hadithi ya kwamba Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia, iliyochapishwa Urusi mwaka 1903 na kufichuliwa na gazeti la The Times mwaka 1921 kuwa ya kughushi.

Neno "Wazayuni" lichunguze kwa makini zaidi. Kuupinga Uzayuni, yaani itikadi ya kwamba Wayahudi wawe na nchi yao wenyewe, ni msimamo wa kisiasa, na wapo Wayahudi wenye msimamo huo. Lakini Poland, mwaka 1968, serikali ya kikomunisti chini ya Władysław Gomułka iliendesha kampeni dhidi ya "Wazayuni" ambayo iliwafukuza kazi Wayahudi, wakiwemo wakomunisti wa miaka mingi wasiohusika kabisa na Uzayuni, na maelfu wakaihama nchi kwa sharti la kuukana uraia wao. Kama neno linamkuta mtu kwa sababu ya ukoo wake, si kwa anachokiamini, limekuwa kinyago tu.

Mahali nako kunasema mengi: kuandamana mbele ya ubalozi wa Israeli ni jambo moja, kuizingira sinagogi kwa sababu ya Gaza ni jingine.

Yapo yanayobishaniwa kwa haki, hasa kuisusia Israeli. Ufafanuzi wa chuki dhidi ya Wayahudi uliopitishwa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa nchi unaokumbuka mauaji ya Wayahudi ya enzi ya Wanazi, unahesabu kuipima Israeli kwa kipimo ambacho nchi nyingine za kidemokrasia hazipimwi nacho kuwa dalili ya chuki, na wapo wanaoona kwamba kuisusia Israeli peke yake ni kufanya hivyo. Azimio la Jerusalem la mwaka 2021, lililoandikwa na wasomi, linasema kususia si chuki kwa kitendo hicho peke yake. Kenneth Stern, mwanasheria Mmarekani aliyeongoza uandishi wa rasimu iliyozaa ufafanuzi wa IHRA, amepinga usigeuzwe sheria ya kuwanyamazisha watu vyuoni, na kwa maoni yangu yuko sahihi. Kwa hiyo kabla ya kumtuhumu mtu, nukuu sentensi yake nzima, onyesha neno lililovuka mpaka, kisha mwache ajibu.