Somo: Lini umwage oili ya pikipiki

Madereva wengi wa bodaboda hapa Tanga humwaga oili pale fundi anapochungulia kijiti cha kupimia na kusema "hii nyeusi". Rangi si kipimo. Oili nzuri ina dawa ya kusafisha masizi, kwa hiyo inaweza kuwa nyeusi mapema na bado ina nguvu. Kinachohesabiwa ni kilomita, na kazi yenyewe.

Pikipiki mpya ya cc 125 au 150, mwaga mara ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000, maana vyuma vipya vinasagana na kutoa unga. Baada ya hapo fuata kitabu chake, lakini kwa bodaboda mimi sivuki 2,000. Injini hizi zinabeba takriban lita moja tu, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Meno ya gia yanaisaga mpaka inakuwa nyepesi. Weka na jua la Ngamiani, mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja), halafu mlima wa Amani kwa gia ndogo.

1. Washa injini dakika tatu hadi tano, kisha zima. Oili ya uvuguvugu inatoka na uchafu wake. Ikichemka sana itakuunguza.

2. Simamisha kwa stendi ya kati, weka beseni, fungua kifuniko cha juu, halafu nati ya chini.

3. Usiondoke. Tazama inavyotoka, chovya kidole ukisugue juani. Unga mwembamba unaong'aa ni kawaida kwa pikipiki mpya. Vipande vya chuma vinavyoshikika, muone fundi kabla hujaweka oili nyingine. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

4. Safisha chujio kama lipo, weka washa (pete ya nati) mpya, rudisha nati kwa mkono kwanza. Kaza kwa kiasi! Nati ya chuma ndani ya aluminiamu, ukiikamia meno yanaliwa, na gharama yake inazidi oili ya miezi.

5. Jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, washa kidogo, zima, subiri, pima. Kwa pikipiki nyingi kijiti kinaingizwa tu bila kukazwa. Kiwe kati ya alama mbili. Kujaza kupita kiasi nako kunaharibu.

MASWALI

Swali: Fundi, spidomita yangu ilishakufa. Nitajuaje kilomita?
Jibu: Hesabu mafuta, mdogo wangu. Kama lita moja inakupeleka kilomita 40, lita 50 ni kilomita 2,000. Andika kwenye simu kila unapojaza. Halafu nunua kebo.

Swali: Naomba kuuliza, oili ya gari si ni ile ile? Dukani ni rahisi.
Jibu: Si ile ile, kaka. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili. Oili nyingi za gari zimetiwa vilainishi vya kupunguza ulaji wa mafuta. Klachi inaanza kuteleza, injini inalia na pikipiki haiendi. Tafuta chupa yenye maandishi JASO MA au MA2, ndiyo alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo, na uzito (unene wa oili) uliotajwa kwenye kitabu.

Swali: Mimi naongeza tu ikipungua. Kuna shida?
Jibu: Ipo. Unachanganya mpya na iliyochoka, na uchafu unabaki humo humo. Kuongeza ni kwa kufika, si kwa kubadilisha.

Swali: Shikamoo fundi. Ya kwangu inapungua lakini chini hakuna tone.
Jibu: Marahaba, binti yangu. Inaungua. Asubuhi washa, mwambie mtu asimame nyuma ukivuta moto. Moshi wa bluu ukitoka, ni ringi za pistoni au sili za valvu. Mpaka ufunguliwe injini, pima kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, na tembea na chupa ya akiba chini ya siti.

Swali: Oili chafu tunamwaga wapi?
Jibu: Si mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Weka kwenye dumu. Mafundi seremala wanaichukua kupaka mbao dhidi ya mchwa.